Lubbock, Zaanse Schans ama Ngong? Ukitaka kuona kazi ya upepo na historia yake

Binamu yangu anafundisha fizikia kwa shule ya upili huko Kisumu, na mwezi wa tano msichana wake anamaliza chuo Texas. Tikiti iko, visa ya Marekani iko, ndege inapitia Amsterdam, na usiku mmoja akanitumia swali fupi tu: "Kaka, nikipata siku moja ya kutembea peke yangu, niende nione windmili wapi?" Aliniuliza mimi juu mimi ni fundi wa pampu hapa Nakuru, marehemu mzee wangu alikuwa fundi wa windmili, na kwa neema ya Mungu nimefika Texas, nimefika Uholanzi, na Ngong napanda kila nikipata nafasi. Nilimjibu kwa voisi noti sita. Tangu hapo watu wengine wawili wameniuliza hivyo hivyo, mmoja ana mtoto Dallas na mwingine anatafutia klabu ya wanafunzi mahali pa trip, ndio nikaona bora niandike yote pamoja.

Sehemu zenyewe ni tatu. Kuna American Windmill Museum ya Lubbock, Texas. Kuna Zaanse Schans karibu na Amsterdam. Halafu kuna vilima vyetu vya Ngong, karibu na Nairobi. Ya kwanza ni makumbusho kamili, vitu vimepangwa ndani ya jumba. Ya pili ni kijiji cha vinu vya upepo ambavyo bado vinapiga kazi. Ya tatu hata hakuna mtu ameiita makumbusho, ni mtambo wa KenGen, kampuni ya kuzalisha stima Kenya, unaotoa stima saa hii unaposoma, lakini siwezi kuiacha nje ya hesabu na nitaeleza kwa nini.

Kwanza mjue mimi naangalia nini, ndio mkikosa kukubaliana na mimi mjue tumeachania wapi. Nikiingia mahali popote pa windmili swali langu la kwanza ni moja: upepo ukizidi, hii mashine inajiokoaje? Watu wengi wanafikiri kazi ya windmili ni kushika upepo. Kushika ni rahisi, hata karatasi ya mtoto inashika. Shida ni kwamba upepo ukiongeza mwendo mara mbili nguvu yake inaongezeka mara nane, kwa hivyo ule upepo wa usiku mmoja mbaya unaweza kuvunja kitu kilichofanya kazi vizuri miaka kumi.

Hiyo nilijifunza nikiwa darasa la sita. Mzee alikuwa anatunza windmili za kuvuta maji kwa mashamba ya huku Gilgil na Rongai, zingine za kizamani zilizoagizwa kutoka nje na zingine Kijito, zile zilizotengenezwa hapa hapa Thika kuanzia mwisho wa miaka ya 70. Sasa windmili ya maji ina mkia, na gurudumu lake limewekwa kando kidogo ya katikati ya mnara. Upepo wa kawaida mkia unalielekeza gurudumu liangalie upepo. Upepo ukizidi, gurudumu linajisukuma lenyewe kando, linajikunja kuelekea mkia mpaka linaupa upepo ubavu, na upepo ukitulia linarudi. Kwa shamba moja karibu na Gilgil ilikuwa kiangazi, ng'ombe wana kiu, mwenye shamba akaona kila upepo mzuri ukija windmili inajikunja, akaona ni kama inamwibia maji, akaambia vijana wapande waifunge mkia na waya wa fensi. Mzee hakuwa hapo. Usiku wa pili upepo ulishuka kutoka milimani na asubuhi tukapata gurudumu liko chini, fimbo ya pampu imepinda kama ndoano, na mabawa yametawanyika mpaka kwa boma la jirani. Mzee hakugombana na mtu. Alichukua bawa moja, bati la kama mita moja hivi limejikunja katikati, akalileta nyumbani, na mpaka leo limening'inia kwa ukuta wa duka langu. Wateja wananiuliza kwa nini siliuzi chuma chakavu.

Haya, sasa twende.

Lubbock

Kutoka Dallas ni kama kilomita 550, imezidi Nairobi–Mombasa, na shemeji yangu ndiye aliendesha. Yeye ni mtu wa Kakamega, ameishi Texas miaka mingi na hakuwa amewahi kusikia hiyo makumbusho. Tulipofika Sweetwater, mahali turbini za siku hizi zimejaa pande zote za barabara mpaka macho yanachoka, akaniuliza, "Shemeji, si ndizo hizi? Tushuke tupige picha turudi." Nikamwambia hizo ni za leo, mimi nataka nione za kale.

Makumbusho yenyewe yamekaa kwa shamba la ekari 28 ndani ya mji. Yalianza na mama mmoja, Billie Wolfe, alikuwa mwalimu wa chuo kikuu cha Texas Tech, na kuanzia miaka ya 60 alikuwa anazunguka mashambani kupiga picha windmili za zamani juu aliona zinaisha na hakuna mtu anajali. Halafu 1993 yeye na Coy Harris, ambaye alikuwa kwa biashara ya mambo ya upepo, wakapata windmili nyingi za nadra zilizokusanywa na mtu mmoja huko Nebraska wakazileta Lubbock. Leo ndani kuna zaidi ya 100. Hebu fikiria jumba refu, unaingia na kila upande ni magurudumu, ya mbao yaliyopakwa rangi, ya chuma, mengine madogo kama meza na mengine yanapita dari la nyumba ya kawaida, na mengi yamewekwa kwa minara mifupi kwa hivyo ile giaboksi ambayo mimi nimezoea kuiona nikiwa nimejifunga kamba juu futi 40 hapo nilikuwa nayo uso kwa uso. Nilisimama kwa ya kwanza dakika kumi nzima, shemeji akaenda akarudi.

Historia wanayoisimulia ni ya maji. Huko kwenye tambarare za Marekani mito ni michache, maji mengi yako chini, na wakati reli ilikuwa inajengwa treni za moshi zilihitaji maji kila stesheni, na ng'ombe pia. Vile vinu vikubwa vya Ulaya havingefaa juu vinataka mtu wa kuvilinda mchana na usiku. Ndio 1854 Daniel Halladay wa Connecticut akatengeneza windmili inayojisimamia yenyewe, kasi ikizidi mabawa yanajigeuza. Baadaye ikaboreshwa: mabawa yamegawanywa kwa mafungu, na kasi ikizidi mafungu yanafunguka nyuma kama mwavuli umepinduliwa na upepo, upepo unapita katikati bila kudhuru. Hiyo ndiyo ilifungua ile nchi. Mkulima anaweza kuiacha wiki nzima aende zake.

Baadaye akaja Thomas Perry, huyo alipima magurudumu ya kila namna, majaribio zaidi ya 5,000, akagundua kwamba bawa la chuma lililopindwa kidogo linafanya kazi kuliko ubao ulionyooka, na kutoka hapo ikazaliwa Aermotor ya Chicago mwaka wa 1888. Ukiona windmili ya maji mahali popote Kenya, lile gurudumu la mabati mengi na mkia nyuma, hiyo familia ndiyo iko hapa. Mabawa ni mengi juu kazi ya pampu inataka nguvu ya kuanza hata upepo ukiwa mdogo, haitaki mbio. Ile ya 1915 ilikuja na giaboksi inayojipaka oili, unabadilisha mara moja kwa mwaka basi. Nilipoona moja iko wazi nikaweka kidole karibu na zile gia mbili kubwa (usiguse, kuna bango) na nikajua kila jino lilipo, juu ndizo nilizokuwa namshikia mzee tochi akiziosha na mafuta taa.

Kuna kitu kingine cha hapo ambacho sikuwa nakijua. Windmili zingine hazikuwa na mkia kabisa, kwa hivyo zilihitaji uzito upande wa pili kusawazisha gurudumu, na zingine zilitumia uzito huo huo kurudisha gurudumu kwa upepo baada ya kujikunja. Makampuni yakawa yanasubu hizo chuma kwa umbo la jogoo, farasi, fahali, ili mteja akiona kwa mbali ajue ni ya nani. Shemeji wangu, yule wa tushuke tupige picha turudi, alifika kwa fahali akasimama. Kwao Kakamega ng'ombe wa kupigana ni jambo kubwa, anajua fahali kwa mabega. Akaniita, "Shemeji kuja uone, huyu aliyemchora alikuwa mfugaji kweli." Kutoka hapo ikawa mimi ndiye namwambia tuondoke.

Upande wa stima nao upo. Kabla waya hazijafika mashambani Marekani wakulima walikuwa wanachaji betri kwa upepo, kampuni kama Jacobs ziliuza mashine za mabawa matatu, watu wakawasha redio na taa. Sheria ya 1936 ya kupeleka stima mashambani ndiyo ilianza kuzimaliza. Nilipokuwa nasoma hiyo nilifikiria boma za huku Rongai zilizokaa na soketi ukutani na taa ya sola juu ya meza. Halafu nje kuna turbini ya kweli, V47 ya kampuni ya Vestas, ya kilowati 660, unaweza kusogea mpaka kwa shina lake. Hiyo 47 ni kipenyo cha duara la mabawa kwa mita. Ishike hiyo namba, tutarudi kwayo tukifika Ngong.

Upungufu wa Lubbock? Za nje zinazunguka lakini za ndani zimesimama. Unaona kila kitu cha mashine isipokuwa kazi yenyewe. Mtoto wa miaka minane atachoka baada ya saa moja. Na mji wenyewe uko mbali na kila kitu, kama huna mtu wa kukupeleka na gari utateseka.

Zaanse Schans

Hapa nilifika kwa njia nyingine. Shamba la maua la Naivasha nililokuwa nafanyia kazi ya pampu lilinipeleka kozi ya wiki mbili, na Jumapili ikawa yangu. Kutoka stesheni kuu ya Amsterdam unapanda treni mpaka Zaandijk Zaanse Schans, haifiki dakika 20, halafu unatembea kama robo saa, na siku hiyo kulikuwa na harufu ya kakao hewani njia nzima. Unavuka daraja la mto Zaan na vinu viko mbele yako vimejipanga kando ya maji.

Hiyo sehemu ilikuwa ni kama Industrial Area ya dunia, sisemi kwa kutia chumvi. Karne ya 18 kulikuwa na vinu zaidi ya 600 kwa hilo bonde moja, vinakamua mafuta, vinasaga rangi, vinatengeneza karatasi, vinapasua mbao. Peter, mfalme wa Urusi, alikuja hapo Zaandam mwenyewe mwaka wa 1697 kujifunza kuunda meli. Vilivyobaki ni vichache, na katika hivyo ukiwa na pesa ya kuingia kimoja tu ingia kile cha kupasua mbao, kinaitwa Het Jonge Schaap. Kimejengwa upya 2007 kwa kufuata kinu cha zamani cha 1680, lakini wazo lake ni la zamani zaidi, la mtu anaitwa Cornelis Corneliszoon, mkulima wa Uitgeest, ambaye miaka ya 1590 aliweka krukas kwa kinu cha upepo.

Krukas! Ile ile iko kwa injini ya probox. Mabawa yanazunguka juu, mzunguko unashuka kwa gurudumu la meno ya mbao, unafika kwa krukas ya chuma, na krukas inageuza mzunguko kuwa juu-chini, juu-chini, na hizo fremu za misumeno zinapanda na kushuka mbele ya macho yako. Gogo limelala kwa kitanda cha mbao. Kila misumeno ikipanda na kushuka kuna mkono mdogo unasukuma gurudumu jino moja, na gogo linasogea mbele kidogo tu, unene wa kucha. Halafu tena. Nilichuchumaa pale nikahesabu meno mpaka yule mzee wa kinu akaja kusimama kando yangu. Jumba lote linatetemeka, unalisikia kwa miguu, unga wa mbao unaanguka kama mvua nyepesi, na hakuna injini popote, hakuna moshi, hakuna waya. Nimefanya kazi na mashine maisha yangu yote na sijawahi kusikia mashine kubwa inafanya kazi kwa sauti ya mbao peke yake. Nilitoka na machozi karibu, nasema ukweli.

Halafu upepo ukabadilika nikaona jibu la swali langu. Mabawa ya hivyo vinu ni fremu tu za mbao, na juu yake wanatandika kitambaa. Mtu wa Kisumu ataelewa hiyo haraka kuliko mtu wa Nakuru: ni tanga. Upepo ukiwa mdogo wanafungua tanga lote, ukizidi wanasimamisha kinu kwa breki, wanashuka chini na kukunja bawa moja moja kwa mkono, vile wavuvi wa Dunga wanavyopunguza tanga wakiona ziwa limebadilika. Na kichwa chote cha kinu wanakigeuza kwa mkono kikaangalie upepo, kwa boriti ndefu na roda iliyo nyuma. Kwa hivyo hapo jibu la upepo kuzidi ni mtu. Mtu akilala, kinu kinaungua kwa msuguano wa breki ama kinavunjika. Huko Lubbock jibu ni chuma kinachojikunja chenyewe. Nilipounganisha hizo mbili ndio nilielewa kwa nini Halladay alikuwa mtu mkubwa.

Kama utakuwa na muda ingia pia De Kat, wanasaga mawe ya rangi kwa mawe makubwa yanayozunguka yamesimama wima, na bado wanauza hiyo rangi kwa wachoraji. Ya mafuta na ya viungo ziko, ni nzuri, lakini ukishaona mbili za kwanza umeshiba.

Sasa ubaya. Siku upepo haupo, umeona majengo tu. Watalii ni wengi sana, ikifika saa tano asubuhi mabasi yamejaa na watu wanang'ang'ania picha, kwa hivyo enda mapema kabisa. Ngazi za ndani zimesimama kama za kupandia dari, mama mzee ama mtu wa magoti usimpandishe. Nusu ya kijiji ni maduka ya jibini na viatu vya mbao, yapite tu. Na kitu muhimu kwa binamu yangu na kila mtu anayepitia Schiphol, uwanja wa ndege wa Amsterdam: visa ya Marekani haikutoi nje ya uwanja wa ndege. Bila visa ya Schengen, ile ya kuingia nchi za Ulaya kama Uholanzi, utaona nchi kupitia dirisha, kwa hivyo hii ya "ndege inasimama masaa tisa nitachomoka nione" ipange miezi kabla ama isahau.

Watu wananiuliza pia kuhusu Kinderdijk, ile ya vinu 19 vilivyojengwa karibu mwaka wa 1740, iko kwa orodha ya UNESCO tangu 1997. Ni pazuri, kumetulia, lakini vinu ni vya kazi moja, kutoa maji mashambani na kuyarusha mtoni. Mtu wa Budalang'i ama wa Nyando, ambaye anajua maji kuingia mpaka kitandani, huyo namwambia aende Kinderdijk aache Zaanse Schans, atasimama kwa hayo matuta na ataelewa vile watu walipigana na maji miaka mia kadhaa na bado wako hapo. Wengine mnaweza kuiruka.

Na kama jamaa yako yuko Denmark, kuna makumbusho ya Poul la Cour huko Askov. Alikuwa mwalimu, alijenga kinu cha stima 1891, na ndiye aliyeonyesha kwamba ukitaka stima mabawa machache yenye mbio yanashinda mengi ya polepole. Sijafika, kwa hivyo siwezi kuilinganisha, lakini mwalimu wa fizikia nikimwambia hiyo hatalala.

Ngong

Sasa turudi nyumbani. Turbini za kwanza za Ngong zilisimamishwa 1993, mbili, msaada wa serikali ya Ubelgiji. Halafu 2009 zikaja sita za Vestas V52, kila moja kilowati 850, na zikaongezwa mpaka leo jumla ni megawati 25.5. Unakumbuka ile V47 ya Lubbock? V52 ni ndugu yake mkubwa, duara la mita 52. Yaani kile wazungu wameweka nje ya makumbusho yao kama mwisho wa hadithi, sisi tuko na kubwa kuliko hicho kwa kilima, na aina hiyo hiyo ya V52 ndiyo iko Loiyangalani kando ya Ziwa Turkana, 365 zote, megawati 310. Turkana siipendekezi kwa matembezi ya siku, barabara ni ndefu sana na joto halina huruma. Ngong inatosha.

Kutoka Nakuru unaamka saa kumi, unafika Nairobi mapema, matatu ya 111 mpaka mji wa Ngong, halafu boda mpaka geti. Kisumu lazima ulale Nairobi, usijidanganye. Getini kuna ada ya msitu. Beba sweta, nasema kwa herufi kubwa, SWETA, juu kilima kinafika karibu mita 2,460 na upepo wa huko haukuulizi umetoka wapi. Ukisimama chini ya turbini moja utasikia ile sauti, vuuu, vuuu, vuuu, na kivuli cha bawa kinapita kwa nyasi kinakukatiza miguu.

Angalia mabawa vizuri. Kila bawa linaweza kujigeuza kwa mhimili wake. Upepo ukifika mita 4 hivi kwa sekunde yanaanza kazi, ukizidi yanajigeuza yapunguze kushika, na ukifika mita 25 kwa sekunde yanaupa upepo ubavu kabisa na turbini inasimama. Tanga linalokunjwa na mtu, gurudumu linalojikunja kwa mkia, bawa linalojigeuza kwa kompyuta. Ni swali moja, na majibu matatu ya miaka mia nne. Wanafunzi nikiwapeleka hapo nawaanzia na lile bati la mzee, nikiwa nalo, halafu nawaambia waangalie juu.

Hasara ya Ngong ni kwamba hakuna mtu wa kukueleza kitu. Hakuna bango la maana, huingii ndani ya turbini, ukienda bila mtu anayejua utapiga selfi, utakula samosa, utarudi. Hapo ndio inashindwa na zile zingine mbali kabisa. Hyrax Hill yetu hapa Nakuru inakueleza watu wa kale waliishi vipi, makumbusho ya Kisumu yana boma zima la Kijaluo, lakini upepo, ambao umesukuma mashua za ziwa na kunywesha ng'ombe wa bonde hili, sijaona mtu ameuwekea hata chumba kimoja. Kijito zinaanguka moja moja mashambani na zinaenda kwa wa chuma chakavu kwa kilo. Hiyo inaniuma. Lubbock ilianza na mama mmoja na kamera.

Kwa hivyo nani aende wapi

Fundi, mkulima, mtu anayependa mashine na anataka kujua kwa nini hiki kiko hapa na kile pale: Lubbock, bila kufikiria mara mbili, na tenga siku nzima. Mtu ana watoto, ama hajali vyuma ila anataka kuona upepo ukifanya kazi mpaka asikie kwa mifupa: Zaanse Schans, siku ya upepo, asubuhi. Mwenye nauli ya Nairobi tu asijione ameachwa, apande Ngong, lakini asiende mikono mitupu, aende na mtu anayejua ama asome kwanza. Na ukiweza kwenda kwa zaidi ya moja, anza na Ngong. Nilifanya kinyume, nikaona za zamani kabla sijaiangalia ya kwetu vizuri, na nilijuta juu huko Lubbock kuna maswali sikujua kuyauliza.

Pesa sitazitaja juu zinabadilika, ila mjue Zaanse Schans kila kinu kina tikiti yake na zikijumlishwa zinauma, na Lubbock gharama kubwa ni mafuta ya gari.

Binamu yangu tulimalizana naye juzi. Visa ya Schengen hataipata kwa wakati, kwa hivyo ni Lubbock, msichana wake ameshaahidi kuendesha. Lakini kabla ya hiyo, muhula huu huu, anapeleka klabu yake ya sayansi Ngong, watoto 34, wanalala Nairobi usiku mmoja. Ameniomba lile bawa la Gilgil awaonyeshe kabla hawajapanda. Alitaka nilitume kama paso kwa matatu ya Kisumu. Nimemkatalia, aje alichukue mwenyewe dukani, na nimeshaanza kulitoa kutu pembeni, ile mikunjo ya katikati sijaigusa.